Alzheimer na Seli za Ubongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo ndugu wa wagonjwa huyarudia, mengine waziwazi mbele ya daktari, mengine kwa kunong'ona baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Alzheimer ni nini, na ina tofauti gani na dimensia?

Dimensia ni jina la hali: kumbukumbu, lugha, uamuzi na uwezo wa kujihudumia hupungua hadi maisha ya kila siku yanavurugika. Alzheimer ni ugonjwa mmojawapo unaoleta hali hiyo, na ndio unaoongoza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba unahusika na asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wa dimensia. Uhusiano wao ni kama wa homa na malaria: homa ndiyo inayoonekana, malaria ni mojawapo ya vitu vinavyoileta.

Jina lenyewe ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 alianza kumfuatilia mgonjwa wa miaka 51 katika hospitali ya mjini Frankfurt. Mgonjwa huyo, Auguste Deter, alifariki mwaka 1906, na daktari alipoupaka ubongo wake rangi ya madini ya fedha na kuutazama kwa hadubini aliona mambo mawili: vibonge vilivyotapakaa nje ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli. Alitoa taarifa yake mjini Tübingen mwezi Novemba mwaka huohuo. Hadi leo alama hizo mbili ndizo zinazoutambulisha ugonjwa huu.

2. Seli ya ubongo iliyo nzima hufanya kazi gani?

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva, ziitwazo nyuroni, zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Kila nyuroni ina kiwiliwili chenye kiini, matawi mafupi yanayopokea ujumbe, na mkia mmoja mrefu, aksoni, unaopeleka ujumbe mbali. Ujumbe husafiri ndani ya aksoni kama umeme mdogo unaotokana na chembe za sodiamu na potasiamu kuingia na kutoka kwenye utando wa seli.

Nyuroni mbili hazigusani. Kati yao kuna upenyo mwembamba mno, na mahali hapo pa kukutania huitwa sinapsi. Umeme ukifika mwisho wa aksoni, seli humwaga kemikali ya ujumbe, mathalani glutamati au asetilikolini, nayo huvuka upenyo na kushika vipokezi vya seli ya upande wa pili. Nyuroni moja inaweza kuwa na maelfu ya sinapsi. Kumbukumbu haihifadhiwi ndani ya seli moja kama nguo sandukuni; huhifadhiwa katika nguvu ya sinapsi hizo, ambazo hukazika zinapotumika na kulegea zinapoachwa. Jambo hili ndilo ufunguo wa karibu kila jibu linalofuata.

3. Je, huu si uzee tu?

Hapana, ingawa umri mkubwa ndio unaoongeza hatari kuliko kitu kingine chochote. Mzee mwenye afya huchelewa kulikumbuka jina la mtu, kisha likamjia akiwa anaosha vyombo. Sinapsi zake zimelegea kidogo, lakini seli zenyewe zipo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1996 ulihesabu nyuroni za waliokufa wakiwa na akili timamu na za waliokufa wakiwa na Alzheimer katika eneo dogo liitwalo gamba la entorino, ambalo ni lango la kumbukumbu. Wazee wenye afya hawakuwa wamepungukiwa na seli zinazostahili kutajwa. Wenye Alzheimer ambayo ndiyo kwanza imeanza walikuwa wamepoteza takriban asilimia 60 ya nyuroni za tabaka la pili la eneo hilo.

Kwa hiyo msemo kwamba "ni uzee huo, mwacheni" una gharama: unachelewesha uchunguzi, na baadhi ya yanayofanana na Alzheimer yanatibika (tazama swali la 13).

## Kinachoharibika ndani na nje ya seli

4. Hivyo vibonge vya nje hutoka wapi?

Kila nyuroni ina protini inayochomoza kwenye utando wake, sehemu ikiwa ndani na sehemu nje, ambayo kazi zake zinahusiana na ukuaji na ukarabati wa seli. Protini hiyo ikishatumika hukatwa na vimeng'enya. Ikikatwa mahali fulani, vipande vyake huyeyuka na kuondoka bila madhara. Ikikatwa kwanza na kimeng'enya cha beta, kisha na kile cha gama, hubaki kipande kinachoitwa amiloidi beta. Kila mmoja wetu hutengeneza kipande hiki kila siku na kukiondoa.

Tatizo ni urefu wake. Kipande chenye viungo 40 vya asidi za amino hakina kero kubwa, lakini chenye viungo 42 kinanata. Viwili hushikana, vitatu, kumi, hadi vinakuwa kibonge kinachoonekana kwa hadubini. Watafiti wengi leo wanaona kwamba vinavyodhuru zaidi ni vile vikundi vidogo vinavyoelea kabla ya kuwa vibonge, kwa sababu hupenya hadi kwenye sinapsi, huvuruga vipokezi vya glutamati na kuizuia sinapsi isikazike. Nyuroni zilizo karibu na vibonge nazo huweza kufyatua umeme kupita kiasi, na hii ni sababu mojawapo inayofanya degedege kuwapata wagonjwa wa Alzheimer zaidi ya wazee wengine.

5. Na mafundo ya ndani je?

Aksoni inaweza kuwa ndefu mara elfu kadhaa kuliko upana wa kiwiliwili cha seli, na chakula chote cha sinapsi zake, pamoja na vinu vya nishati viitwavyo mitokondria, husafirishwa kutoka katikati. Njia ya usafiri ni mirija midogo iliyolazwa sambamba kama reli, na protini iitwayo tau hukaa juu ya mirija hiyo ili isiachane.

Katika Alzheimer, tau hupachikwa chembe za fosfeti kuliko inavyostahili. Ikishazidiwa nazo hubanduka kwenye mirija, hujikunja na kushikana na tau nyingine hadi nyuzi zake zinaijaza seli mithili ya uzi uliovurugika ndani ya cherehani. Reli zinaachana, mizigo inakwama, na ncha ya aksoni iliyo mbali inakufa njaa wakati kiwiliwili bado kizima. Mafundo haya yana mwendo wake: Heiko Braak na Eva Braak walieleza mwaka 1991 kwamba huanzia kwenye gamba la entorino, huingia hipokampasi, sehemu ya ndani inayoshika kumbukumbu mpya, kisha husambaa katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Kuenea kwa mafundo hufuatana na dalili za mgonjwa kwa karibu zaidi kuliko wingi wa vibonge.

Amiloidi na tau zinahusianaje? Maelezo yenye wafuasi wengi ni kwamba amiloidi hutangulia na kuichochea tau, na tau ndiyo inayoua. Maelezo hayo yamepingwa mara nyingi tangu yalipotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini hayajapata mrithi anayeeleza ushahidi wa kijenetiki (swali la 16) vizuri zaidi.

6. Mgonjwa husahau kwa sababu seli zake zimekufa?

Mwanzoni, hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoielewa vibaya Alzheimer. Kabla nyuroni haijafa huacha kuzungumza. Sinapsi zake hupungua nguvu, kisha hupungua idadi, na seli hubaki hai kama nyumba yenye watu ndani ambayo simu zake zote zimekatwa. Mwaka 1991 kundi la Robert Terry, likilinganisha vibonge, mafundo na sinapsi katika bongo za marehemu, lilikuta kwamba upungufu wa sinapsi ndio uliolingana zaidi na kiasi cha akili mgonjwa alichokuwa amepoteza.

Hii pia ndiyo sababu mgonjwa wa mapema ana siku njema na siku mbaya. Kama seli zingekuwa zimekufa zote, hakungekuwa na siku njema. Sinapsi iliyodhoofika hufanya kazi mgonjwa akiwa amelala vizuri, amekula, hana maambukizi na hajakurupushwa. Mambo hayo yakikosekana, inashindwa. Ndugu wanaposema "jana alikumbuka, leo anajifanya", wanaona jambo la kweli na kulifasiri vibaya.

7. Kuna seli nyingine zinazohusika zaidi ya nyuroni?

Zipo, na nusu ya habari iko kwao. Mikroglia ni askari na wafagiaji wa ubongo. Hukusanyika kukizunguka kibonge na kujaribu kukimeza, na kwa muda hufanikiwa. Lakini kazi isiyokwisha huzichosha. Hubaki zikimwaga kemikali za uvimbe, na zinaweza kuanza kula sinapsi zenye afya, kazi ambayo huifanya kihalali wakati ubongo wa mtoto unapojengwa. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba watu wenye hitilafu katika jeni iitwayo TREM2, inayofanya kazi ndani ya mikroglia, wana hatari kubwa zaidi ya kupata Alzheimer. Tangu hapo imekuwa vigumu kusema kwamba uvimbe ni matokeo tu.

Astrositi, seli zenye umbo la nyota, hulisha nyuroni, hufyonza glutamati iliyozidi na kudhibiti mishipa midogo ya damu. Zikiugua, nyuroni hukosa mlezi. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, kwa hiyo hitilafu ndogo ya ulishaji inauma.

## Kutoka seli hadi tabia

8. Mbona anasahau kama amekunywa chai, lakini anakumbuka harusi yake ya mwaka 1968?

Kwa sababu kumbukumbu mpya na ya zamani hazikai mahali pamoja. Tukio la leo hushikwa kwanza na hipokampasi, na kwa miezi na miaka huhamishiwa kidogo kidogo kwenye gamba la ubongo. Harusi imeshahamia huko, tena kwa njia nyingi, maana imesimuliwa mara mia. Chai ya asubuhi ilihitaji hipokampasi, ambayo ni miongoni mwa sehemu za kwanza kushambuliwa.

Ndiyo maana anauliza tena baada ya dakika tano. Si kwamba amesahau jibu. Kwa upande wa ubongo wake jibu halikuwahi kuandikwa, na hata kuuliza kwenyewe hakukuandikwa. Kumwambia "nimeshakujibu" ni kumpa habari kuhusu tukio ambalo kwake halikutokea.

9. Vipi anapotea njia ya kwenda nyumbani aliyoipita miaka arobaini?

Ndani ya hipokampasi kuna nyuroni ambazo hufyatua umeme pale tu mtu au mnyama anapokuwa mahali fulani, na katika gamba la entorino kuna nyingine zinazopima umbali na uelekeo mfano wa mistari ya ramani. Za kwanza ziligunduliwa na John O'Keefe mwaka 1971, za pili na kundi la May-Britt Moser na Edvard Moser mwaka 2005, na wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Maeneo hayo mawili ndiyo yaleyale ambako mafundo ya tau huanzia. Mgonjwa anaweza kuutambua msikiti, mwembe na duka, kila kimoja peke yake, lakini akashindwa kujua kimoja kiko upande gani wa kingine.

Swali hili lina mwenzake ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: je, amerogwa, au yeye mwenyewe ni mchawi? Ajuza anayekutwa saa nane za usiku uani kwa watu, hajui amefikaje na anajibu maneno yasiyoeleweka, katika baadhi ya vijiji vyetu yuko hatarini kuliko anavyojua. Anachokifanya kina maelezo, nayo yamo katika aya iliyotangulia. Wajumbe wa mtaa na majirani wanapaswa kuelezwa mapema, kabla ya usiku huo kufika.

10. Kwa nini ananishutumu kwamba nimemwibia?

Mara nyingi yanakutana mambo mawili. Aliificha pochi chini ya godoro na kitendo hicho hakikuhifadhiwa (swali la 8). Kisha anaitafuta, haipo, na ubongo unadai maelezo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kwa mtu mwenye afya huchuja maelezo ya haraka na kuyakataa yasiyo na maana, nayo imeshaanza kukatika mawasiliano. Maelezo mepesi ndiyo yanayobaki: pochi imechukuliwa, na aliyekuwa chumbani ni wewe. Anayeshutumiwa huwa karibu kila mara ndiye anayehudumia zaidi, kwa sababu rahisi kwamba ndiye aliyepo.

11. Inakuwaje hajui jina la mwanawe lakini anasoma Al-Fatiha bila kukwama?

Yaliyorudiwa mara nyingi mno tangu utotoni, pamoja na ustadi wa mikono, hutegemea mizunguko ya neva iliyo katika viini vya ndani vya ubongo na katika ubongo mdogo wa kisogoni, sehemu ambazo Alzheimer huchelewa kuziharibu. Mweke bibi wa Kizimkazi aliyezoea kusuka ukili mbele ya fungu la miyaa. Atauliza mara tatu leo ni siku gani, na vidole vyake vitapindua mwaa chini, juu, chini, vitaongeza mpya pale wa zamani unapokaribia kwisha, wala hatazami. Ukimwomba aeleze anachokifanya, mikono husimama. Maelezo yanahitaji sehemu iliyougua, kusuka hakuihitaji.

Nyimbo za ujanani, tenzi za kanisani na salamu ndefu hudumu kwa sababu kama hizo. Anayetaka kumfikia mgonjwa na aanzie huko.

12. Mbona jioni hali huwa mbaya zaidi?

Saa ya mwili huongozwa na kikundi kidogo cha nyuroni kilicho juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, na Alzheimer hupunguza seli za hapo. Ongeza uchovu wa siku nzima kwa sinapsi ambazo hazina akiba, na vivuli vya magharibi kwa macho yasiyofasiri vizuri. Mwanga wa kutosha kabla giza halijaingia na usingizi mfupi wa mchana husaidia zaidi ya mabishano.

## Uchunguzi na matibabu

13. Daktari anajuaje, ilhali seli hazionekani kwa macho?

Huanza na mazungumzo na vipimo vya akili, na vingi vya vipimo hivyo vilibuniwa kwa watu waliosoma. Kumwambia mkulima ambaye hajawahi kushika kalamu achore saa ni kupima shule yake, si ubongo wake. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria dimensia kuwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, kilitengenezwa kipimo kifupi kisichohitaji kusoma. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno, na hupanga njiti nne za kiberiti kufuata mfano aliooneshwa. Njiti hizo hupima sehemu za ubongo zinazounganisha jicho na mkono, na hakuna asiyewahi kushika kiberiti.

Picha ya MRI huonesha kama hipokampasi imesinyaa. Vipimo maalumu vya picha, vya maji ya uti wa mgongo na, siku hizi, vya damu vinavyopima aina ya tau yenye fosfeti, vinaweza kuionesha amiloidi na tau mgonjwa akiwa hai, ingawa bado havipatikani kwa urahisi Afrika Mashariki.

Muhimu kuliko vyote ni kuondoa yanayofanana: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, kaswende iliyofika kwenye ubongo, damu iliyovuja taratibu chini ya fuvu baada ya kuanguka. Na mzee aliyebadilika ndani ya siku mbili tatu, badala ya miaka miwili mitatu, hana Alzheimer iliyoanza ghafla. Ana maambukizi, upungufu wa maji, kiharusi au athari ya dawa, na anatakiwa hospitali siku hiyohiyo.

14. Dawa zilizopo hufanya nini kwenye seli?

Ziko za namna mbili, na hazifai kuchanganywa katika mazungumzo. Za kwanza husaidia sinapsi zilizobaki. Mwaka 1976 ilibainika kwamba bongo za wagonjwa zina upungufu wa kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini, kwa kuwa seli zinazoitoa, zilizo chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, hufa mapema. Donepezili, rivastigmini na galantamini huzuia asetilikolini iliyobaki isivunjwe haraka. Memantini hukinga vipokezi vya glutamati visichochewe kupita kiasi. Hakuna hata mojawapo inayozuia seli kufa. Ni kama kupaza sauti ya redio ambayo betri zake zinaisha.

Za pili ni kingamwili zinazoondoa amiloidi. Lekanemabu iliidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 na donanemabu mwaka 2024. Katika jaribio la miezi 18, lekanemabu ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Asilimia hiyo huandikwa sana. Kinachoandikwa kwa nadra ni kwamba tofauti yenyewe ilikuwa pointi 0.45 kwenye kipimo cha pointi 18, na kwamba dawa inaweza kuleta uvimbe au uvujaji wa damu katika ubongo, hivyo mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara. Zinawafaa walio mwanzoni tu, wakati bado kuna sinapsi za kuokoa. Kuondoa vibonge hakurudishi nyuroni iliyokufa.

15. Kuna dawa za kawaida zinazoweza kumzidishia?

Zipo, na ya kwanza iko katika droo ya karibu kila nyumba: piritoni. Dawa hii ya mafua na mwasho, kama baadhi ya dawa za zamani za sonona na za kibofu, huziba vipokezi vya asetilikolini, yaani hufanya kinyume kabisa cha donepezili (swali la 14). Mzee mwenye Alzheimer aliyepewa piritoni ili alale anaweza kuamka akiwa amechanganyikiwa vibaya. Mfamasia aelezwe kila anachotumia mgonjwa, pamoja na vinavyonunuliwa bila cheti.

## Kurithi, kujikinga na maswali ya pembeni

16. Mama yangu anayo. Nami nitaipata?

Katika familia chache sana duniani Alzheimer hurithiwa moja kwa moja, kupitia hitilafu katika jeni ya protini iliyoelezwa katika swali la 4, au katika jeni mbili, PSEN1 na PSEN2, za kimeng'enya cha gama. Mwenye hitilafu hiyo huugua mapema, mara nyingi kabla ya miaka 60. Jeni zote tatu zinagusa utengenezaji wa amiloidi, na ushahidi huu ndio nguzo ya wanaoamini kwamba amiloidi hutangulia.

Kwa wengine wote hurithiwa uwezekano tu. Jeni ya APOE ina aina tatu, ziitwazo e2, e3 na e4, na hii e4 huongeza hatari. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja huiongeza takriban mara tatu. Usiichukue hesabu hiyo kama ilivyo. Kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uhusiano huo ulionekana kuwa dhaifu, na tafiti za miaka ya 1990 za Kenya na Tanzania zilikuta e4 kwa wingi miongoni mwa wazee wasio na ugonjwa. Kipimo cha jeni kilichonunuliwa mtandaoni, chenye takwimu za watu wa Ulaya, humweleza Mswahili machache kuliko kinavyodai.

17. Kwa nini watu wenye hali ya Down huipata mapema?

Jeni ya protini inayozaa amiloidi iko kwenye kromosomu ya 21, na mwenye Down ana nakala tatu za kromosomu hiyo badala ya mbili. Hutengeneza amiloidi nyingi maisha yake yote, na wengi huwa na vibonge na mafundo wafikapo miaka 40. Mabadiliko ya tabia katika umri huo yasipuuzwe kwa kusema ndivyo alivyo.

18. Mtu anaweza kuwa na vibonge na asiugue?

Anaweza. Amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, kwa hiyo wengi hufa kwa sababu nyingine wakiwa njiani. Mwaka 1996 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa bongo za Waafrika Mashariki 32 wenye umri mkubwa ambao hawakuwa na dimensia, na baadhi zilikutwa na amiloidi. Dhana ya zamani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu ilipaswa kuishia hapo.

Wengine hubeba mzigo mkubwa wa vibonge na bado wana akili timamu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni akiba: mtu aliyejenga sinapsi nyingi kwa elimu, kazi ya kufikiri, lugha kadhaa na maisha ya kijamii ana njia za mchepuko pale barabara kuu zinapofungwa. Akiba huchelewesha dalili bila kuusimamisha ugonjwa, hivyo mtu wa namna hii akianza kuanguka huanguka kwa kasi.

19. Nifanye nini kuzilinda seli zangu?

Ripoti ya jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet, mwaka 2024, ilitaja mambo 14 ambayo yangeshughulikiwa yote, takriban asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Kwa mazingira yetu ningeanza na shinikizo la damu, kwa kuwa wengi wanalo bila kujua, nalo huharibu mishipa midogo ambayo nyuroni hulishwa kwayo. Kisha kisukari, kolesteroli, sigara, na kusikia: mzee asiyesikia hujitenga, na sinapsi zisizotumika hulegea. Kofia ngumu kwa abiria wa bodaboda pia imo humo, maana majeraha ya kichwa ni mojawapo ya mambo hayo 14.

20. Je, inaambukiza?

Kumlisha, kumwogesha, kulala naye chumba kimoja au kula naye sahani moja hakuambukizi. Swali huulizwa kwa sababu ndani ya ubongo tau iliyoharibika huweza kuipotosha tau nzima ya seli jirani, na neno "kusambaa" linatisha.

Kuna jambo moja la kweli linalostahili kusemwa. Kati ya mwaka 1959 na 1985 watoto wapatao 1,848 nchini Uingereza walitibiwa kwa homoni ya ukuaji iliyotolewa kwenye tezi za maiti. Mwaka 2024 watafiti wa London waliripoti kwamba wachache kati yao walipata dalili za Alzheimer wakiwa bado watu wa makamo, yumkini kwa sababu homoni hiyo ilikuwa na amiloidi ndani yake. Tiba hiyo iliachwa mwaka 1985, na homoni ya sasa hutengenezwa maabara. Nyumbani, kikombe cha mgonjwa kinaoshwa pamoja na vikombe vingine.